Kwako Baba Salma, kuhusu ile Discovery ya Lavington

Buruburu, Nairobi
Jumapili jioni

Kwako Baba Salma,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama Salma na watoto. Huku tu wazima, ila baridi ya Julai imetubana, na unajua sisi watu wa pwani tulivyo. Gari unalotaka kulinunua, ile Land Rover Discovery iliyo Lavington, nilikwenda kuliona jana pamoja na fundi wangu. Nakuandikia kwa urefu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kila nikigusa jambo usilolipenda.

Kwa macho gari ni zuri, sikufichi. Rangi imetulia, viti vya ngozi havina mpasuko, na safu ya tatu ni kama haijapata kukaliwa. Lakini ile namba ya usajili inayoanza na KD, ya magari yaliyosajiliwa miaka ya karibuni, isikubabaishe. Namba inakwambia gari lilisajiliwa Kenya lini, haikwambii lilitoka kiwandani lini. Discovery 4 iliundwa kuanzia 2009 hadi 2016, na hili ni la 2013. Kwa kuwa sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, yote utakayoonyeshwa sasa yameshakula barabara zetu. La kuuliza ni nani alilitunza, na alilitunza vipi.

Tulipofika tukakuta boneti ina moto. Mwenyewe akasema alikuwa amelisogeza kidogo tu. Fundi akanitupia jicho. Injini ya dizeli husema ukweli asubuhi ikiwa baridi: hapo ndipo utajua kama nozeli zinavuja, kama plagi za kupashia joto zinafanya kazi, na kama moshi ni mweupe, wa bluu au mweusi. Ikishapashwa, kila injini ina adabu. Tumemwambia tutarudi siku nyingine alfajiri, asiliguse kabla hatujafika.

Sasa nisikilize vizuri. Injini hii ya V6 ya lita 3.0 ina ugonjwa unaojulikana dunia nzima: krankishafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, kukatika. Beringi zake huishi juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikipungua, ikichakaa au ikiwa nyepesi kupita kiasi, chuma husagana na chuma, beringi huzunguka mahali isipotakiwa kuzunguka, na siku moja ukiwa unapanda mteremko wa Mai Mahiu shafti inakatika vipande viwili. Mara nyingi haitoi onyo lolote la maana. Hapo hakuna kutengeneza, ni injini nyingine, au uliuze vipandevipande Kirinyaga Road. Si kila injini hufikia huko, na mafundi wenyewe wanabishana kuhusu sababu, lakini hakuna anayebisha kwamba oili ya kuchelewa kubadilishwa inaharakisha msiba.

Unganisha hilo na kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Kichujio hiki hunasa masizi, kisha gari lenyewe huyachoma kwa joto la karibu nyuzi 600. Ili lipate joto hilo, kompyuta hunyunyiza dizeli ya ziada kwenye silinda, na gari linataka liende mwendo mzuri bila kusimama. Ukizima injini katikati ya kazi hiyo, au ukiwa foleni inayojikokota, masizi yanabaki na sehemu ya ile dizeli ya ziada inateremka kwenye oili. Oili inakuwa nyepesi. Ukilirudia hilo wiki baada ya wiki, unarudi kwenye zile beringi nilizokueleza. Ndiyo maana sijali sana dashibodi inasoma kilomita ngapi. Najali zilikwendwa wapi.

Na wewe utazienda wapi? Ukihamia huku mwezi ujao utakaa South B na kazi iko Upper Hill. Asubuhi utatambaa, injini itapata moto ukiwa getini, utazima. Hiyo ndiyo safari mbaya kuliko zote kwa gari hili. Ukilichukua, itakubidi wikendi ulipandishe Expressway hadi Mlolongo, si kwa kujionyesha bali lipate kuchoma masizi yake. Wapo mafundi watakaokuambia watakitoboa kichujio na kukifuta kwenye kompyuta. Wengi wamefanya hivyo hapa mjini, na ukitaka kuwajua tazama moshi wao kwenye mwinuko. Mimi nisingelifanya.

Dizeli yetu yenyewe si mbaya siku hizi. Tangu Januari 2015 salfa ilishushwa hadi 50 ppm, yaani sehemu 50 kwa kila milioni. Ila kuna vituo vilivyokuwa vikichanganya mafuta ya taa, hata serikali ikaweka ushuru wa kuyapandisha bei mwaka 2018. Mafuta ya taa hayalainishi, na pampu ya presha kubwa inategemea dizeli yenyewe iilainishe. Chagua kituo kimoja chenye wateja wengi ushikamane nacho.

Nirudi kwenye gari. Fundi alifungua kifuniko cha oili, akachovya kidole, akanusa. Oili inanuka dizeli. Tukaomba risiti za sevisi. Mwenyewe alituletea za magurudumu, ya rangi, na ya redio. Ya oili hata moja hana.

Mengine ni madogo, kwa maana ya kwamba hayaui injini. Tulipolipandisha juu kwa mifuko ya hewa inayolibeba lilichelewa, na kompresa ya hewa ikaunguruma muda mrefu. Kuna mfuko unaovuja. Wengi hubadilisha kompresa wakaacha uvujaji, na mpya nayo inaungua. Breki ya mkono ya umeme ilipiga ukelele, jambo la kawaida kwa hizi, hurekebishwa. Bushi za mikono ya chini inayoshika magurudumu zimelegea. Lawama ni ya mashimo yetu. Mabomba ya hewa ya tabo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, yalionekana mazima, na ushukuru, kwa sababu kazi kubwa ya tabo kwenye gari hili mara nyingi hufanywa kwa kunyanyua bodi nzima kutoka kwenye chesisi. Siku hiyo ankara ya fundi itakuambia kwa nini linauzwa bei ile. Uliza pia mikanda ya injini, maana kuna wa mbele wa taiming na wa nyuma wa pampu ya dizeli, na huo wa nyuma wengi huusahau.

Uamuzi wangu: hili liache. Lipo jingine Karen, la mwaka huohuo, bei yake iko juu kidogo, lakini mwenyewe ana daftari la sevisi, oili kila kilomita 8,000, na hulipeleka safari ndefu hadi Nanyuki mara kwa mara. Hilo ningelipima kwa makini. Au, kwa kuwa safari zako ni fupi, ununue la petroli. Najua hutaki kusikia neno Toyota Harrier, kwa hiyo silitaji.

Pesa usitume kwa mtu yeyote, hata akikuambia kuna mnunuzi mwingine njiani. Kama unataka tulione lile la Karen, nijulishe kabla ya Alhamisi nimpange fundi. Na ukija, usisahau achari ya embe ya Mama Salma, hii ya madukani imenichosha.

Nduguyo,
Baba Rehema