"Mtandao umekatika" sio habari, tuambieni umekatikia wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, kuna jambo linanikera siku nyingi na magazeti yetu, hili lako likiwemo, nayo yanachangia. Kila intaneti ikisumbua habari inaandikwa kwa maneno mawili, mtandao umekatika, imeisha hiyo. Ukipiga huduma kwa wateja unaambiwa zima simu halafu washa. Ukienda dirishani benki unaambiwa sistimu haisomi. Hakuna anayesema nini hasa kimeharibika, na sisi wateja hatuulizi manake tumeshazoea kudhani mtandao ni kitu kimoja kikubwa kinachowaka na kuzima kama umeme.

Mimi ni fundi wa mitandao hapa Morogoro, kazi yangu kuvuta waya na kufunga ruta (vile vifaa vya kuelekeza data ipite wapi) maofisini, na nasema mtandao sio kitu kimoja. Ni kazi tofauti zimepangwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka lina itifaki zake, yaani kanuni ambazo mashine zinazungumza kwazo, na kila moja linaugua ugonjwa wake.

Chukua Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika huko kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, Tanzania, Kenya, Uganda, Malawi mpaka Madagaska watu wakahangaika. Hapo kilichoumia ni tabaka la chini kabisa, la vitu vya kushika kwa mkono, nyuzi za kioo, waya, minara. Dawa yake ni meli iende ikavute kebo juu iiunganishe, hakuna ujanja mwingine.

Sasa rudi nyuma, Jumatatu tarehe 4 Oktoba 2021. Facebook, Instagram na WhatsApp zilipotea dunia nzima karibu masaa sita, kwa huku kwetu ilianza jioni kwenye saa kumi na mbili na nusu hivi, wengine wakadhani bando limeisha. Siku hiyo hakuna kebo ya bahari iliyoguswa. Mafundi wa Facebook walikuwa kwenye matengenezo ya kawaida, amri moja ikakata mawasiliano kati ya vituo vyao vyenyewe vya data, na seva zao za DNS, zile kompyuta zinazogeuza jina la tovuti kuwa namba, zilipoona hazivipati vituo zikaacha kujitangaza kwa BGP, ndo itifaki ambayo ruta kubwa za dunia zinaambiana ukitaka kumfikia fulani pita kwangu. Seva zenyewe hazijaharibika, umeme upo, kebo zipo, ila hakuna ruta duniani iliyokuwa inajua pa kupeleka pakiti, yaani vile vipande vya data vinavyosafiri, na mpaka vifaa vyao vya ndani vya kutengenezea tatizo vikagoma kwa sababu navyo vilitegemea mtandao uleule. Magonjwa mawili ambayo hayafanani hata kidogo, lakini gazetini yote yanaandikwa mtandao wakatika.

Naomba nielezee hizi tabaka kwa kitu ambacho kila mtu kashakifanya, kutuma mzigo kwa basi. Unampelekea dada yako Mwanza gunia, unaandika jina lake na namba ya simu, unalipeleka kwa wakala, wakala anabandika risiti yake, konda analitupa buti. Dereva hajui ndani kuna mchele au viatu na wala hahitaji kujua, yeye anajua barabara. Wewe nawe hujui ni basi gani, na mzigo ukihamishiwa basi jingine Dodoma jina la dada yako halibadiliki, kinachobadilika ni risiti ya kule. Hiyo ndo siri yote ya tabaka, kila mmoja anafanya kake na anasoma ile karatasi inayomhusu tu.

Kwenye simu yako inakuwa hivi. Umeandika meseji au umechagua picha, programu inaifunga kwa siri juu kabisa huko, halafu inaishusha kwa TCP. TCP inaikatakata vipande na kila kipande inakipa namba ili upande wa pili wakipangilie, na inaweka namba ya poti ijulikane ni ya programu ipi, 443 kwa mfano ndo tovuti zenye kufuli. Chini yake IP inabandika anwani ya anayetuma na anayepokea. Chini tena, kama ni waya wa ofisini, Itheneti, itifaki ya huo waya, inavalisha fremu, yaani bahasha ya nje, yenye anwani ya kadi ya mtandao, ile ya biti 48, na fremu moja kwa kawaida haibebi zaidi ya baiti 1,500. Ukitoa baiti 20 za IP na 20 za TCP unabaki na 1,460 za mzigo wenyewe, kwa hiyo picha ya MB 3 unayoona imetumwa mara moja imeondoka vipande zaidi ya 2,000. Na kila ruta inakopita, ile fremu inavuliwa inatupwa inavalishwa mpya, anwani ya IP ya mpokeaji ipo palepale (ya kwako wewe mtumaji kampuni ya simu huwa inakubadilishia njiani, anwani za zamani za biti 32 ni kama bilioni 4.3 tu na hazitutoshi, hiyo ni barua nyingine). Ruta inapunguza pia kwa moja namba fulani iliyoandikwa kwenye pakiti, ikifika sifuri pakiti inatupwa, bila hivyo pakiti iliyopotea ingezunguka milele.

Sasa hapa ndo pananifurahisha zaidi. IP haikuahidi kitu. Pakiti ikipotea imepotea, IP haimwambii mtu pole. Anayehakikisha ni TCP huko juu, inasubiri jibu kwamba kipande fulani kimefika, kisipofika inatuma tena. Na hiyo peke yake iliwahi kuleta balaa. Oktoba 1986 huko California, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu cha Berkeley, sehemu zinazotenganishwa na mita kama 400 tu, spidi iliporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde mpaka 40. Arobaini! Kompyuta zilikuwa zinaona kimya zinatuma tena, foleni inazidi, kimya kinazidi, zinatuma tena. Jamaa anaitwa Van Jacobson akakaa na wenzake wakaifundisha TCP adabu, mwaka 1988 akachapisha namna yake, kwamba ukiona pakiti zinapotea jua njia imejaa, punguza mwendo, halafu ongeza polepole. Cha kuangalia ni kwamba hawakubadilisha waya hata mmoja wala hawakugusa IP, walirekebisha tabaka moja tu na programu za juu hazikujua kitu kimetokea.

Na ndo maana ile Mei 2024 watu wengi hawakukosa intaneti kabisa, walikuwa nayo ila inatambaa. Trafiki, yaani data yote inayosafiri, iligeuzwa ipite njia zilizobaki, tabaka la IP likafanya kazi yake vizuri tu, njia zikajaa, na TCP kwenye kila simu na kila kompyuta ikapunguza mwendo bila kuambiwa na mtu. Mwandishi angeandika hivyo msomaji angeelewa kwa nini meseji ilipita na video ikagoma. Badala yake tukaambiwa intaneti imekatika wakati tunaisoma hiyo habari kwenye intaneti, jamani.

Tena kuna vitu havikuwa na sababu ya kuguswa na kebo ile. Menyu za nyota reli za kutuma pesa kutoka kwenye simu yako zinapita njia ya mtandao wa simu wenyewe, sio intaneti. Na Dar es Salaam tuna kituo cha kubadilishana trafiki kinaitwa TIX, Nairobi wana KIXP, hapo kampuni za intaneti zinakutana ili pakiti ya kutoka Morogoro kwenda Ilala isizunguke Ulaya. Kwa hiyo tovuti ya taasisi ya hapahapa yenye seva hapahapa ilitakiwa ifunguke. Isipofunguka uliza, seva yenu iko wapi kweli, au seva ipo Dar ila ile ya DNS inayotafsiri jina lenu iko ng'ambo? Hilo swali sijawahi kuona mwandishi anamuuliza mkubwa yeyote.

Kwa fundi hizi tabaka sio nadharia ya mtihani. Kuna ofisi waligombana na mtoa huduma wao mpaka karibu wavunje mkataba, intaneti inakuja inapotea, taa za swichi, kile kifaa cha kuunganisha waya za kompyuta, za kijani, waifai imejaa. Nikaanza chini kama kawaida, waya mzima, fremu zinapita, nikapanda juu kuangalia anwani, nikakuta kompyuta nusu zina anwani za ukoo mwingine kabisa. Kumbe mtu wa uhasibu alinunua karuta kake akakachomeka chini ya meza ili apate waifai nzuri, nako kakaanza kugawa anwani kwa ofisi nzima. Mtoa huduma hakuwa na kosa. Asiyejua tabaka angebadilisha waya wote wa jengo.

Vyuoni nako wanatufundisha tabaka saba za OSI, mpangilio wa kimataifa wa kuzieleza tabaka za mtandao, kama orodha ya kukariri, kuna hata kisentensi cha Kiingereza cha kuzikumbukia kinachohusu kutotupa piza ya soseji, vijana wanakikariri wengine piza yenyewe hawajaiona. Ile OSI ilipitishwa na ISO, shirika la viwango la kimataifa, mwaka 1984, mpango mzuri wa kamati kubwa, lakini intaneti haikuusubiri. TCP/IP iliyoanzia kwenye mawazo ya Vint Cerf na Bob Kahn ya mwaka 1974 ilikuwa imeshawashwa kwenye ARPANET, mtandao wa Marekani uliotangulia intaneti, tarehe 1 Januari 1983, nayo huwa inaelezwa kwa tabaka nne, zile tatu za juu za OSI zote wanaziita programu tu. Mimi OSI siidharau, namba zake tunazitumia kila siku, fundi akikwambia tatizo la leya ya pili umeshajua ni swichi au fremu, la leya ya tatu ni anwani na njia. Ila mwanafunzi anayeweza kuzitaja zote saba na hajui aanzie wapi swichi ikizima taa, huyo amefundishwa shairi.

Basi Mhariri, ombi langu ni dogo. Siku nyingine mambo yakienda kombo, mwandishi wako akipewa ile taarifa ya "hitilafu ya kiufundi" asiichape hivyohivyo. Amuulize msemaji wa kampuni, ni kebo au mnara, au ni njia za IP, au DNS, au seva ya programu yenyewe? Kama ni kebo, trafiki mmeigeuzia wapi na inatosha kiasi gani? Kama ni DNS, mbona hamkuwa na ya pili sehemu nyingine? Akijibiwa ni mambo ya kitaalamu mno wasomaji hawataelewa, ayaandike na hayo majibu na jina la kampuni, sisi tutayasoma.

Fundi wa mitandao,
Morogoro