Shukrani kwa mama wa Majengo

Mama, jina lako silijui, lakini ukisoma haya utajijua. Ilikuwa Agosti 2012, Sheikh Aboud Rogo, mhubiri wa Kiislamu, ameuawa, Mombasa inawaka, makanisa yanavunjwa. Nilikwama uchochoroni, rozari shingoni, macho yamefumba kwa moshi wa vitoza machozi. Ulinivuta ndani, ukanitanda leso yako, ukanipa maji ninawe, ukaketi kizingitini hadi jioni. Vijana walipouliza uliwajibu, “Huyu mwanangu.”

Leo wanangu hula Idi kwa jirani, nao wa jirani huja kwetu Krismasi. Hofu haijaisha, pakisikika kishindo, mtaa mzima wafunga milango. Lakini asubuhi twapanga foleni moja ya mahamri.

Mungu akulipe kheri, mama. Niite nije nikuamkie.