Narudi kwa daraja, ila kilichonisomesha ni kivuko

Mhariri,

Shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Mimi ni kijana wa Busisi, Sengerema, niko huku Wuhan, China, mwaka wa tatu sasa nasomea mambo ya uchakataji wa samaki, na Mungu akijalia mwezi wa saba narudi nyumbani. Kuhesabu siku nimeanza zamani tu. Safari nimeshaipanga kichwani mpaka mwisho, Guangzhou, Addis Ababa, Dar, alafu pale Dar sipandi ndege ya Mwanza hata mtu akinilipia, nataka treni ya umeme mpaka Dodoma maana nimeondoka 2023 haijaanza kubeba abiria na washkaji wote wameshaposti picha zao humo ndani mi nabaki ku-like tu. Dodoma nadaka basi, Singida, Nzega, Shinyanga, nashuka Usagara, hapo nipate haisi yoyote ya kwenda Sengerema alafu nikae dirishani.

Dirishani kwa sababu ya daraja la Kigongo-Busisi, lile jipya la kuvuka Ziwa Victoria. Nimeondoka zile nguzo zimesimama majini tunazitazama tu kutoka kwenye feri, leo watu wanapita juu. Siku ile linafunguliwa, tarehe 19 Juni 2025, niliangalia kwenye simu bwenini, Wachina ninaokaa nao wakauliza kuna nini mbona unapiga kelele, nikawaonyesha, na wao wakafurahi maana kampuni zilizojenga ni za kwao. Kilomita 3 juu ya ziwa, dakika chache umevuka. Asiyewahi kukaa foleni ya feri pale Kigongo, ng'ambo ya Busisi, hawezi kuelewa hiyo maana yake nini. Shangazi yangu aliwahi kukaa pale ndani ya gari ya wagonjwa anapelekwa hospitali ya Bugando, Mwanza, gari ya wagonjwa inapewa kipaumbele ndio, lakini feri ikiwa ng'ambo utafanyaje, unaisubiri tu igeuze, na kama kuna upepo au magugu maji yamejaa ndo basi tena.

Sasa mhariri kinachonifanya niandike ni hiki. Mama yangu alikuwa anauza samaki pale kivukoni upande wa Busisi. Sato na sangara wa kukaanga, na michembe, yani viazi vitamu vilivyokaushwa, kidogo ya kuchangamsha meza. Na nisiwafiche, kila feri ilipochelewa sisi nyumbani tulikula vizuri. Kuna wiki kivuko kimoja kiliharibika, foleni ya malori ikawa ndefu hatari, mama akauza mpaka vichwa, na ile hela ndo ilitoka ada yangu ya kidato cha tano. Yani shida ya shangazi na ada yangu zilitoka kwenye foleni ile ile, nimelifikiria hili sana nikiwa huku na bado sijajua nilipange vipi.

Nilipompigia wasap baada ya ule ufunguzi nikamuuliza biashara vipi, akajibu, "Wateja wanapita juu mwanangu." Akacheka, ila mi namjua mama akicheka hivyo.

Na sio yeye peke yake. Kulikuwa na wauza mayai, karanga, mahindi ya kuchoma, vijana wa maji baridi, wabeba mizigo, mama lishe wa ugali wa udaga, yani wa muhogo, na hao ni upande wa Busisi tu, Kigongo nako hivyo hivyo. Hapa Wuhan kuna daraja kongwe la mto Yangtze, la mwaka 1957, magari juu treni chini, na kabla yake mabehewa ya treni yalikuwa yanavushwa kwa feri. Niliposoma hiyo nikasema kumbe na hawa walikuwa na Kigongo-Busisi yao! Nikatafuta wale waliokuwa wanawauzia chakula abiria waliosubiri feri waliishia wapi. Kuhusu daraja maandishi yapo kibao, kuhusu wao sijaona hata mstari.

Ndo maana naomba gazeti lenu limtume mwandishi Busisi na Kigongo, asipige picha daraja, picha za daraja tumeshiba, akae na wale akina mama awaulize walihamia wapi na wanauza nini sasa. Awaulize na viongozi wa Sengerema na Misungwi, kuna mpango gani wa kuweka sehemu basi zisimame kihalali, hata dakika kumi, abiria anyooshe miguu anunue samaki wake aendelee na safari.

Mimi mwenyewe sirudi na kontena, ndugu zangu wanaosubiri simu za zawadi mnisamehe mapema, sitaki kugombana uwanjani. Nachorudi nacho ni utaalamu wa kukausha samaki. Nataka nianze na dagaa, wale wetu tunaanika mchangani, mvua ikipiga wanaoza, wakikauka wana mchanga, bei inashuka wanaishia kuwa chakula cha kuku. Ukiwaanika kwenye vichanja vya wavu ni kitu kingine kabisa na mbao sio gharama ya kutisha. Nimemwambia mama tuanze na vichanja vinne, akauliza mbalamwezi dagaa hawavuliwi, tutakula nini? Swali zuri, profesa wangu hakuwahi kuniuliza hilo.

Hii barua nimemsomea kwenye simu kabla sijaituma. Kasema niandike kwamba yeye daraja halilaumu na alishapita juu yake mara mbili, na kwamba siku hizi anakaangia karibu na stendi ya Sengerema, asubuhi mpaka saa nane, sato wakubwa wanaisha mapema.

Kijana wa Busisi,
Wuhan, China