Barua ya sororiti aiandike anayemjua mtoto

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nami nitoe dukuduku langu. Hivi karibuni msomaji mwenzangu aliandika hapa habari za mpwa wake aliyekwenda kusoma Marekani, akataka kujiunga na sororiti, akaachwa njiani kwa sababu, kama alivyoambiwa, hakuwa na barua za kumpendekeza kutoka kwa wanachama waliohitimu. Msomaji yule akamalizia kwamba kumbe hata kule ni kujuana tu. Mimi naishi Huntsville, jimbo la Alabama, huu mwaka wa 19, na binti yangu alipita mlango huohuo mwaka 2022. Barua ile iliniuma, maana mwenzangu amesema kweli lakini hakuimaliza.

Kwa wasioijua, sororiti ni chama cha wasichana wa chuo kikuu, chenye jina la herufi za Kigiriki, na aghalabu kina nyumba yake pale chuoni wanamoishi na kula baadhi ya wanachama. Vya mwanzo kabisa vilianzia Macon, jimbo la Georgia, katika Chuo cha Wesleyan, mwaka 1851 na 1852. Leo vyama 26 viko chini ya mwavuli mmoja uitwao National Panhellenic Conference, ulioanzishwa 1902. Wasichana weusi walipofungiwa milango walijijengea vyao: Alpha Kappa Alpha mwaka 1908 pale Chuo Kikuu cha Howard, ndicho cha Kamala Harris, na vingine vikafuata. Vyama hivyo vina utaratibu wao wa kupokea wanachama na si huo ninaouzungumzia hapa.

La kukumbuka ni kwamba uanachama hauishi mtu akimaliza masomo. Mama wa miaka 60 aliyeapishwa akiwa na miaka 18 bado ni mwanachama, bado ana pini yake na namba yake ya uanachama, na chama chake bado kinamsikiliza. Huyo ndiye anayeitwa mhitimu wa chama, na barua tunayoizungumzia ni yake.

Inavyokwenda ni hivi. Katika vyuo vingi, kila Agosti kabla ya masomo kuanza, wasichana wanaotaka kujiunga huzungushwa nyumba kwa nyumba kwa siku kadhaa. Chuo Kikuu cha Alabama pekee hujiandikisha zaidi ya 2,000. Kila nyumba wanakaa dakika chache, wanaongea na msichana mmoja au wawili, kengele inalia, wanatoka. Usiku tawi, yaani wanachama wa chama hicho waliopo pale chuoni, linapiga kura nani arudi kesho, na wasichana nao wanapanga nyumba wanazozipenda. Orodha inapungua siku hadi siku mpaka siku ya mialiko. Sasa mtu uliyeongea naye dakika chache katikati ya kelele, utamjuaje? Hapo ndipo barua inapoingia. Mhitimu anakiandikia chama chake, kwa tawi la chuo anachokwenda binti: namfahamu huyu, alama zake ni hizi, amejitolea hapa na pale, tabia yake ni hii, nampendekeza. Zamani ilikuwa karatasi na bahasha, siku hizi ni fomu ya intaneti ambayo mhitimu huifungua kwa namba yake. Binti mwenyewe haoni kilichoandikwa. Kazi yake ni kumpa mwandishi wasifu wa ukurasa mmoja, picha na alama zake za sekondari, na baadaye kadi ya shukrani iliyoandikwa kwa mkono, na huku Kusini mwa Marekani kadi hiyo usiisahau.

Ugumu ni kwamba mhitimu anaandikia chama chake tu. Wa chama hiki hawezi kumwandikia binti barua ya chama kile. Chuo chenye matawi 15 kinataka akina mama 15, kila mmoja wa chama chake, na huku Kusini wengine watakwambia upate wawili kwa kila tawi. Nimewaona akina mama wenzangu wa Kimarekani wakianza shughuli hiyo mtoto akiwa bado hajafanya mtihani wa mwisho wa sekondari. Wana daftari lenye mistari: chama, jina la mwandishi, tarehe ya kumwomba, tarehe aliyojibu, kadi imetumwa au bado. Shangazi yupo hapa, jirani pale, mke wa mchungaji, daktari wa meno. Mimi nilipoketi kuandika majina yangu, karatasi ilibaki nyeupe. Nilikuwa na watu wengi niliowajua Huntsville, kwa kazi yangu ya kutunza wazee nimewaogesha mama zao na kuwafumba macho baba zao, lakini nani kati yao alikuwa wa chama gani sikuwahi kuuliza. Sikujua kwamba ni swali la kuuliza.

Asiyekuwepo na lake halipo. Barua hizi zilitungwa na watu waliojuana kwa vizazi, na hata pasipo nia mbaya zinamwacha nje mtoto wa mgeni, mtoto wa maskini, mtoto aliye wa kwanza kwao kufika chuo. Na mara nyingine nia mbaya ilikuwepo. Septemba 2013 gazeti la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Alabama, The Crimson White, lilichapisha habari kwamba wasichana wa baadhi ya matawi walitaka kumpokea msichana mweusi mwenye alama za juu, na wahitimu wa vyama vyao ndio waliowazuia. Huo ulikuwa mwaka wa 50 tangu Gavana George Wallace asimame mlangoni pa chuo hichohicho kuwazuia wanafunzi weusi, Vivian Malone na James Hood, wasiandikishwe. Wasichana waliandamana, na rais wa chuo, Judy Bonner, akaamuru mialiko ifunguliwe upya. Mambo yakaanza kubadilika. Baada ya maandamano ya mwaka 2020 ya kupinga ubaguzi wa rangi vyama vingi viliacha kuilazimisha barua, na vingine vikafuta upendeleo kwa mabinti na wajukuu wa wanachama.

Kwa hiyo binti yangu alipojiandikisha 2022, kwenye karatasi barua ilikuwa hiari. Lakini sheria ikifutwa, mazoea hayafutiki siku hiyohiyo. Akina mama waliendelea kukusanya, na mimi nikaogopa.

Barua pekee aliyoipata mwanangu sikuiomba mimi, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu leo.

Pale ninapofanya kazi, nyumba ya kutunzia wazee, kulikuwa na bibi mmoja wa miaka 82, mwalimu mstaafu, mikono yake inatetemeka kiasi kwamba kijiko hakifiki mdomoni. Mwanangu alikuwa akija Jumamosi kutimiza saa za kujitolea ambazo shule yake iliwataka wanafunzi wafanye. Saa zilipotimia hakuacha kuja. Bibi alikuwa na mdogo wake jimbo la mbali, hawapendi simu kwa sababu wote wawili hawasikii vizuri, basi wao ni barua. Bibi anasema, mwanangu anaandika. Nikipita na dawa nilikuwa nawasikia wakibishana juu ya neno moja: bibi anataka "huzuni," mwanangu anamwambia, bibi, wiki iliyopita pia ulisema huzuni, dada yako atakuja na ndege sasa hivi. Bibi anacheka, wanaandika "uchovu."

Mei ile mwanangu akamwambia habari za sororiti. Bibi akaniita, akaniomba nimfungulie droo ya pembeni ya kitanda. Ndani kulikuwa na kisanduku cha plastiki cha vidonge, kile chenye vijumba saba vya siku za wiki. Kwenye kijumba cha Jumapili hakukuwa na kidonge, kulikuwa na pini ndogo ya dhahabu, herufi zimelika kidogo. Aliingia chama hicho mwaka 1958. Nilikuwa nimemhudumia miaka miwili na droo ile nimeifungua mara nyingi.

Akasema atamwandikia mwanangu barua. Nilimwambia sitaki, kazini kwetu haturuhusiwi kupokea chochote kwa mkaazi. Nilikwenda kwa msimamizi wangu nikamweleza yote. Akasema barua ni ya bibi na mtoto, mimi nikae mbali, na anayemsaidia kuijaza awe mtu wa familia yake. Jumapili iliyofuata bintiye bibi, mama wa makamo, akaja na tableti. Mimi nilikuwa nabadilisha mashuka ya kitanda cha pili, nikasikia lile moja. Fomu iliuliza unamfahamu mwombaji kwa muda gani. Bintiye akasema, mama, niandike mwaka mmoja? Bibi akasema hapana, andika Jumamosi 41. Alizihesabu kwa barua za mdogo wake, zilizokuwa zimefungwa utepe.

Bintiye alipotoka kwenda kuchukua koti, bibi akanishika mkono. Akaniambia: "Sisi hatukuwahi kuandika popote kwamba tunataka weupe peke yao. Barua ilitosha. Tuliandika juu ya tuliowajua, na tuliowajua walikuwa weupe watupu." Akanyamaza kidogo, kisha akasema barua nyingi alizoandika maishani mwake zilikuwa za watoto ambao hakuwahi kukaa nao hata saa moja, mama zao walimletea picha na wasifu akanakili.

Maneno hayo sijaweza kuyaweka chini. Yule bibi aliandika barua moja ya kweli na nyingi za kunakili, na fomu ilizipokea zote sawa.

Haya ndiyo ninayotaka kumwambia msomaji mwenzangu. Ubovu hauko kwenye kumtaka mtu mzima amsemee mtoto. Sisi wenyewe binti haposwi bila mshenga, na mtu hapati kazi bila mdhamini. Mtoto anapokwenda kukaa katika nyumba ya watu, ni haki yao kuuliza ametoka wapi. Ubovu ni kwamba anayeruhusiwa kujibu ni yule mwenye pini, hata kama hamjui, na mwalimu aliyemfundisha miaka minne hana mahali pa kuandika. Vyama hivi vikitaka kumjua binti, vimuulize mwalimu wake, bosi wake wa dukani, kiongozi wa msikiti au kanisa lake. Na kama havitaki, basi viifute barua kabisa kila tawi, isibaki hiari ambayo wenye ndugu wanaikusanya na wasio na ndugu hata hawajui kama ipo. Nimewaandikia hivyo wahitimu wawili ninaowafahamu sasa, mmoja amenijibu.

Agosti ilipofika, tawi la chama cha bibi lilimwacha mwanangu baada ya mzunguko wa pili. Ndiyo, pamoja na barua. Alilia kwenye simu, nami nikalia jikoni ili asinisikie. Barua haikumpa mwaliko, na wala haimpi mtu yeyote mwaliko, wazazi wenzangu mlijue hilo kabla hamjapoteza usingizi. Tawi lililomchukua ni la chama ambacho hatukuwa na barua hata moja. Msichana aliyeongea naye siku ya kwanza alimuuliza Jumamosi huwa anafanya nini, akaeleza habari za bibi na mdogo wake, kengele ikalia hawajamaliza, na siku ya pili yule msichana akamsubiri mlangoni aimalizie.

Bibi alipopata habari aliuliza ni chama gani. Nilipomtajia akakunja uso, kwa kuwa wakati wake walikuwa washindani wakubwa, halafu akataka kujua kama mtoto bado atakuja Jumamosi akiwa likizo. Mwanangu alikwenda kumwona Novemba, wiki ya sikukuu ya Shukrani, na barua ya mwisho kwenda kwa mdogo wake bibi waliiandika siku hiyo.

Kwa mpwa wa msomaji yule nina la kumwambia, asikate tamaa. Msimu wa Agosti si mlango pekee. Matawi yasiyojaza nafasi zake hualika wasichana mwaka ukiendelea, bila zile mbio za nyumba kwa nyumba, na huko mara nyingi humjua msichana kwa kunywa naye kahawa. Aende ofisi ya chuo inayosimamia vyama hivi aulize ni matawi gani yana nafasi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili pia anaruhusiwa kujiandikisha upya. Kabla ya hapo awaulize watu wanaomjua kweli, wale aliofanya nao kazi, aliosali nao, aliowasaidia: je, ulikuwa mwanachama wa chama chochote chuoni? Asione haya kuuliza. Mimi nilikaa miaka miwili pembeni ya droo ile nikitoa vidonge.

Ni mimi msomaji wenu,
Mama wa binti mmoja,
Huntsville, Alabama, Marekani