Malalamiko: mwanangu alikosa pumzi juu ya gurudumu lenu, inhela yake ikiwa kwenye kaunta yenu

Nairobi, 19 Agosti 2025

Kwa Meneja,

Salamu. Nimengoja siku tatu ili nikiandika niandike kwa heshima, maana Jumamosi usiku nilipofika nyumbani heshima sikuwa nayo. Barua hii nimeichana mara mbili nikaianza upya. Naomba uisome mwenyewe hadi mwisho, usimpe karani.

Yaliyotokea tarehe 16 unayajua, sitakupotezea muda. Gurudumu kubwa la uwanja wenu wa burudani, lile linalozungusha watu hewani, lilisimama saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Mimi na mwanangu wa miaka saba tulikuwa kibanda namba 11, karibu kabisa na kilele. Tulikanyaga ardhi saa moja na dakika kumi usiku. Hesabu mwenyewe.

Silalamiki kwamba stima ilipotea. Nimezaliwa Nairobi, stima hupotea, na mashine ni mashine. Ninalalamika juu ya begi.

Sheria yenu ni kwamba hakuna kupanda na begi, nami nilitii. Lakini kabla msichana wa kaunta hajalitundika, nilimwambia ndani mna inhela ya mtoto, ile dawa ya kuvuta, ana pumu, naomba niitoe niiweke mfukoni. Akasema mfukoni pia hapana, chochote kinachoweza kuanguka hakipandi, na isitoshe mzunguko ni dakika nane tu. Akanipa kijikaratasi chenye namba 43. Nikaamini hizo dakika nane.

Agosti ya hapa unaijua. Jua likishaegemea upande wa Ngong, baridi inaingia hata kwa aliye chini amevaa koti, sembuse mtoto aliyening'inia hewani na upepo unampiga pande zote. Hewa baridi huamsha pumu. Woga nao huiamsha. Mwanangu alipata vyote viwili kwa pamoja, na ilipofika saa kumi na mbili kasorobo nikaanza kuisikia ile filimbi kifuani. Mzazi wa mtoto mwenye pumu haambiwi hiyo ni sauti gani. Nikamkalisha wima, nikamfungua vifungo vya shati, nikamwambia avute hewa polepole puani aitoe kwa mdomo kama anayepoza chai. Kijana mmoja tuliyekuwa naye kibandani, simjui hata jina, akavua jaketi lake akamfunika. Mungu ambariki. Yeye alikuwa mteja kama mimi.

Nikapiga kelele. Dadangu mdogo alikuwa chini, anaogopa kupanda, akanisikia. Nilimwitia: "Inhela! Begi namba arobaini na tatu!" Akakimbia kaunta. Akaambiwa begi hutolewa kwa mwenye namba, na mwenye namba aje mwenyewe. Mwenye namba yuko hewani, wanamwona, na wanasema aje mwenyewe! Nikapiga kelele tena, na tena. Hapo ndipo msimamizi wenu aliposhika maikrofoni na uwanja mzima ukasikia: "Huyo mama wa namba kumi na moja anyamaze, anatutishia wateja."

Nitarudi hapo. Kwanza nieleze habari ya jenereta.

Mlikuwa na jenereta. Nililisikia likinguruma hata dakika tano hazijaisha. Taa za vibanda vya chipsi zikawaka, muziki ukarudi, mashine ya bisi ikaendelea kulipua bisi. Hiyo maikrofoni ilipata wapi moto? Gurudumu lililobeba watu ndilo peke yake ambalo halikuunganishwa. Na fundi aliyeshuka nasi mwisho aliniambia gurudumu hilo lina namna ya kuzungushwa kwa mkono, kibanda kimoja kimoja, ila anayejua kazi hiyo alikuwa amemaliza zamu, akaitwa kutoka Ruiru, akakwama kwenye msongamano wa Thika Road. Siku ya Jumamosi, shule zimefungwa, watoto wamejaa, mnamruhusu mtu wa pekee anayejua kuwashusha aende nyumbani saa kumi?

Sasa nirudi kwa hiyo maikrofoni, kwa sababu nahisi mliomsikia msimamizi siku hiyo mlidhani ni mzaha.

Kabla hajaishika, nilikuwa nimemvua mwanangu kiatu cha kushoto. Nilikikunja kile kijikaratasi cha 43, nikakisukuma ndani mpaka kwenye vidole, nikafunga kamba fundo mbili, nikakiachilia kando ya nguzo mahali pasipokuwa na watu. Nilikuwa nimemwonyesha dadangu kwa mkono. Kiatu kikaanguka kwenye nyasi hatua kumi kutoka alipokuwa. Soja wenu akakifikia kwanza. Dadangu akamweleza namba iko ndani, mtoto anakosa pumzi. Soja akasema kutupa vitu kutoka kwenye gurudumu ni kosa, akakipeleka kwa msimamizi kama ushahidi. Msimamizi alikiona kiatu cha mtoto. Alikishika mkononi! Alitazama juu, tukatazamana, nikanyoosha mikono yote miwili kama mtu anayeomba, na mwanangu nikamwinua kidogo ili aone mbavu zinavyoingia ndani kila akivuta hewa. Kisha akainua maikrofoni akasema yale maneno, kwa sauti ya mtu anayetangaza bei. "Huyo mama wa namba kumi na moja anyamaze, anatutishia wateja." Watu waliokuwa kwenye foleni ya bisi wakacheka. Muziki ukarudishwa juu.

Mwanangu hakuwa na pumzi ya kutosha sentensi nzima. Aliniuliza kwa vipande: "Mama... tumekosa... nini?"

Bwana Meneja, au Bi Meneja, mimi nimtafutie jibu gani?

Na usiniambie kwamba inhela isingefika juu. Saa kumi na mbili na robo fundi wenu mmoja alipanda kwa ngazi ya chuma akiwa na mkanda wa usalama, akikagua kama milango ya vibanda imefungwa. Alifika kwetu mikono mitupu. Nilipomwambia, alishtuka, akasema, "Mama, ningeambiwa ningekuja nayo." Hakuna aliyemwambia. Alishuka mbio kuifuata, na chini akakatazwa kupanda tena kwa sababu giza linaingia. Kwa hiyo njia ilikuwepo, mtu wa kupanda alikuwepo, na inhela ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kusema mpe.

Tulipofika chini nilikimbia kaunta nimembeba. Begi langu lilikuwa pale pale, nililiona. Mbele yake kuna karatasi na kalamu. Nikaambiwa nitie sahihi kwanza. Karatasi yenyewe inasema nimepata huduma, nimeridhika, na sina dai lolote dhidi ya kampuni. Nikatia sahihi. Ningetia hata kwamba nyumba yangu ni yenu, mradi nipewe hilo begi. Basi iwekeni hiyo karatasi vizuri, maana nitaihitaji. Sahihi iliyotolewa na mama ambaye dawa ya mwanawe imezuiliwa si ya hiari, na nitafurahi kuona mkimweleza hakimu kinyume chake. Baada ya hapo nikapewa soda mbili baridi na tikiti mbili za bure za gurudumu hilo hilo. Niliziacha kwenye kaunta.

Nilimpa inhela pale pale chini, mpigo mmoja, nusu dakika, mpigo mwingine, hadi kumi, na bado kifua hakikufunguka. Zahanati walimweka kwenye mashine ya mvuke mara mbili. Tulitoka saa tano usiku.

Tangu siku hiyo anapokohoa usiku anajiziba mdomo kwa mto. Nilimkuta Jumapili, nikadhani anajificha kwangu. Akaniambia hataki kupiga kelele.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kudai mambo matatu tu: shilingi 1,600 za tikiti, shilingi 7,300 za zahanati, ambazo risiti yake nimeambatanisha, na barua ya kuomba radhi. Hayo nayadai bado. Lakini kila ninapoandika naona hayatoshi.

Radhi ya karatasi haitoshi. Mwanangu alisikia mamake akiambiwa anyamaze kwa maikrofoni, na radhi ataisikia kwa maikrofoni, siku ya Jumamosi, saa ile ile, kutoka kwa mtu yule yule. Dawa ya mgonjwa isihesabiwe tena kama mzigo: inhela ipande na mwenyewe, imefungwa kwa kamba shingoni, na sheria hiyo ibandikwe kaunta kwa herufi kubwa. Gurudumu liunganishwe kwenye jenereta kabla ya mashine ya bisi, na mtu wa kulizungusha kwa mkono asitoke uwanjani wakati mtu yeyote yuko juu. Mpaka hayo yafanyike, lisimame. Nataka pia nakala ya cheti cha ukaguzi wa mwisho wa gurudumu hilo. Mkininyima, nitakwenda kukiulizia kwa Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini na kwa serikali ya kaunti, na nitakapokwenda sitakwenda peke yangu. Nina namba za simu za watu tisa tuliokuwa juu pamoja, pamoja na yule kijana wa jaketi.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya kufidiwa akipata hasara au kuumia. Sheria ya Ulinzi wa Mtumiaji tunayo tangu 2012. Na Milimani kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai ya hadi shilingi milioni moja, ambako mtu wa kawaida kama mimi anaweza kusimama bila wakili na kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Nimeshauliza utaratibu wake. Nawapa siku saba kuanzia mtakapopokea barua hii. Siku ya nane sitadai tena 1,600 na 7,300. Nitadai milioni hiyo yote, na nitamwita msimamizi wenu aje aseme mbele ya hakimu, bila maikrofoni, maneno yale aliyoyasema mtoto akikosa pumzi.

Kuna jambo moja zaidi, na hili halingoji siku saba. Kiatu cha mwanangu hamjakirudisha. Ni cheusi, cha shule, cha mguu wa kushoto, namba 30, na kamba yake imefungwa fundo mbili. Shule zinafunguliwa karibuni. Mara ya mwisho kilionekana mkononi mwa msimamizi wenu.

Wako,
Mama Baraka
Kibanda namba 11