Mwanafunzi wa lugha aruhusiwe kubisha hodi idara ya jirani

Ndugu Mhariri,

Nipe kanafasi nami niseme langu, maana jambo hili limenikaa kooni tangu mpwa wangu aje likizo hapa Ngamiani. Yuko mwaka wa pili chuo kikuu kimoja, jina lake naliweka mfukoni, anachukua digrii ya Kiswahili, sapu, yaani mtihani wa kurudia, hana hata moja kwa hiyo msije mkasema ni uvivu unamsumbua. Jioni moja tuko barazani akanitolea madaftari mawili, moja lake, jingine kaazima kwa rafikiye anayesoma Kiingereza jengo la pili. Nikafungua. Fonimu (sauti zinazotofautisha maneno) huku fonimu kule, mofimu (vipande vya neno vyenye maana) huku mofimu kule, yaani somo ni lile lile, hili kwa Kiswahili lile kwa Kiingereza. Nikamuuliza, sasa hawa walimu wanajuana kweli? Akacheka, "Wanasalimiana tu mjomba."

Hapo sikukasirika bado. Kilichonikera ni kwamba bibi yake mzaa baba ni Mmbugu wa kule milimani Lushoto, na mtoto anataka kuandika utafiti wake juu ya Kimbugu, akaomba achukue kozi moja ya historia na moja ya fonetiki, elimu ya sauti za matamshi, kwa hao jirani zao, akajibiwa hazihesabiki, kama anataka akakae nyuma asikilize bure. Opsheno zake ni zile zile za idarani kwao basi.

Sasa mie mwalimu mstaafu, isimu, hiyo elimu ya lugha, nilisoma ya kuombea cheti tu, lakini hata mie najua Kimbugu hukiwezi ukiwa chumba kimoja. Wale wazee wana namna mbili za kusema. Moja inakaribiana na Kipare, Mpare akisikiliza anadaka mengi. Ya pili, wenyewe wanaiita Kimaa, maneno yake mengi yana asili ya Kikushi, kundi la lugha zisizo za Kibantu, jamaa za akina Kiiraki wa kule Mbulu, halafu ngeli na viambishi ni vya Kibantu vile vile. Yaani nyama ya huku mifupa ya kule! Wataalamu wamelibishania hilo miaka na miaka. Ukitaka kujua ilikuwaje unahitaji mtu wa historia akwambie watu walihama kutoka wapi, unahitaji anayezijua lugha za Kikushi, na sikio la fonetiki. Mwanafunzi wa Kiswahili peke yake atakuja na orodha ya maneno, aifungie jalada, apewe B.

Tena mkoa wetu huu hauishi mifano. Wazigua waliochukuliwa utumwani karne ya 19 wakapelekwa Somalia, huko mto Juba wajukuu zao wakaendelea kusema Kizigua, vita ilipolipuka kule miaka ya 1990 wengine wakakimbilia huku na wakaja kupewa makazi Chogo, Handeni, mpaka na uraia. Niambie hiyo ni habari ya idara gani, isimu? historia? sheria? Mie naona zote, na kila mmoja akija na panga lake atakata kipande chake aondoke nacho.

Na hawa vijana wa kompyuta nao. Kila siku tunasikia mashine zitaongea Kiswahili, sawa, lakini chukua neno moja tu, hawatakupikia. Ha-wa-ta-ku-pik-i-a, vipande saba, na kila kipande kina kazi yake, ndani mna kukanusha, wenye kupika, wakati ujao, anayepikiwa, vyote kwenye neno moja. Kijana wa programu asiyejua viambishi ataliona ni neno geni kila likibadilika kidogo, na aliyesomea viambishi yuko jengo la tatu hapo, hajawahi kuitwa. Wenzetu Marekani pale chuo kikuu cha MIT mpaka leo isimu na falsafa ni idara moja, na Chomsky mwenyewe, yule mwanaisimu maarufu, alipoajiriwa pale mwaka 1955 kituo chake kilikuwa maabara ya elektroniki. Hakuna aliyemuuliza mwanaisimu anafuata nini kwenye nyaya.

Najua nitajibiwa tukiruhusu hivyo mtoto atadonoa kila chungu amalize hana alichoshiba. Hoja hiyo naikubali nusu. Sisemi achukue nane, nasema mbili tatu, ziandikwe kwenye prospektasi kabisa kwamba hizi za idara fulani zinahesabika, na ratiba zisigongane, maana siku hizi hata ukiruhusiwa unakuta vipindi vyote ni Jumanne saa nne. Mie nahisi kinachogomba ni idadi ya vichwa, kila idara inataka wanafunzi wake wabaki kwake. Lakini kuta huwa zinavunjika wakiamua, mbona Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (chuo cha mpwa wangu sio hicho) mwaka 2009 waliunganisha Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili na Idara ya Kiswahili ikazaliwa TATAKI, yaani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, na maisha yakaendelea.

Mtoto anaondoka Jumapili na basi la asubuhi. Wiki iliyopita alipanda Lushoto akamrekodi bibi kwenye simu, dakika arobaini, bibi anahadithia mazishi ya zamani kwa Kimaa, kisha anacheka mwenyewe na kuhamia Kisambaa katikati ya sentensi. Juzi tumeisikiliza hapa mara mbili, tumeambulia robo. Anasema akifika chuo atatafuta mwalimu wa kumsaidia hiyo iliyobaki, idara yoyote ile, hata kama haihesabiki.

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga