Harambee ya visanduku vya dawa, Jumapili baada ya ibada

Bwana asifiwe wapendwa, naandika kwa niaba ya akina mama wa kanisa letu hapa Minnesota, someni mpaka mwisho jamani.

Wengi wetu ni watu wa nasing homu na shifti za usiku, unatoka kazini saa moja asubuhi, jua hilo linawaka, watoto waende shule, ukilala usingizi hauji, basi daktari anakuandikia kidonge unameza unashukuru Mungu. Sasa hizi dawa zinapeleka watu emajensi na tukiangalia ni akina nani, ni sisi. Chukua hii zolpidem mnayoijua kama Ambien, hapa Marekani mwaka 2005 waliofika emajensi kwa madhara yake walihesabiwa 6,111, kufika 2010 wakawa 19,487, na hao wa 2010 karibu 7 kati ya 10 ni wanawake, robo tatu hivi wana miaka 45 kwenda juu. Mwili wa mwanamke unaitoa polepole, ndio maana 2013 FDA, shirika la serikali linalosimamia dawa, ikasema akina mama waanzie miligramu 5 badala ya 10. Dada, angalia chupa yako leo, ikiwa ni 10 muulize mfamasia, lakini usijikatie ghafla mwenyewe.

Wanaotutia wasiwasi zaidi ni shosho zetu waliokuja kutulelea watoto. Shosho ameshameza kidonge chake cha usingizi, mgongo unauma, anaongeza Tylenol PM maana iko hapo kabatini, hajui hiyo nayo inalaza, maandishi yote Kiingereza, saa nane usiku anaamka kwenda choo miguu haimtii. Na kile kidude cha kupangia dawa Jumatatu mpaka Jumapili, vifuniko vyake vinafunguka kwa ukucha tu, mtoto wa miaka miwili anaona kidonge cha pinki anajua ni peremende!! Chupa ya famasia angalau ina kile kifuniko cha kubonyeza ndio kizunguke.

Kwa hivyo tunachanga dola 1,800. Visanduku 60 vya kufunga kwa namba, kimoja dola 25, hiyo ni 1,500, na 300 ni ya kuchapisha stika za Kiswahili za kubandika kwenye chupa: hii ni ya usingizi, usichanganye na pombe wala dawa kali ya maumivu. Nyumba zenye shosho au mtoto mdogo zinapewa kwanza, hata kama hujachanga kitu.

Kwenye kila kisanduku tutaandika 1-800-222-1222, Poison Control, simu ya msaada mtu akimeza sumu au dawa vibaya, ni bure usiku na mchana na unaweza kuomba mkalimani, lakini mtu akikataa kuamka au anapumua kwa shida piga 911 moja kwa moja, tafadhali msiogope bili.

Chai na mandazi vitakuwepo. Wenye shifti Jumapili mpeni mweka hazina bahasha Alhamisi kwenye maombi, na anayejua mfamasia anayeongea Kiswahili atuunganishe naye mapema.